Kura za maoni za urais New Jersey: niende tena 2028 au nilale?

BintiTanga_NJ

Habarini wana jamvi. Naanza na mkosi wangu, halafu mnisaidie.

Niliapa uraia Newark mwaka 2015. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku, natoka saa moja asubuhi. Kura yangu ya kwanza ya maoni ya urais, ile ya chama kuchagua mgombea wake, kila jimbo na tarehe yake (ndugu zetu wa Kenya mnaita mchujo), ilikuwa Juni 7, 2016. Nilijiandaa kama bibi harusi. Jumatatu usiku, Juni 6, niko kazini namfunika bibi mmoja blanketi mbele ya televisheni, mara tangazo: shirika la habari la AP limehesabu wajumbe, wale wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, Hillary Clinton ameshatimiza idadi. Bibi akanigeukia, "Si ulisema unapiga kura kesho?" Nikabaki nimeshika blanketi. Kesho yake nilienda vilevile. Wasimamizi wa kituo walikuwa watatu, mpiga kura mimi peke yangu.

2020 Bernie Sanders, mtu wangu kwa Democratic, alijitoa Aprili 8. Sisi tulikuwa tupige Juni 2, korona ikatusogeza hadi Julai 7. Karatasi ikaja kwa posta, jina la Sanders bado limo. Nikaliwekea alama, nikatumbukiza. 2024 tukapiga Juni 4. Kwa Republican, Nikki Haley, mpinzani wa Trump, alishaondoka tangu Machi 6. Kwetu nikampa Biden, na Julai 21 akajitoa yeye mwenyewe! Mara tatu hizo.

Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sasa mimi sichelewi jamani, nacheleweshwa na kalenda ya jimbo.

Nina rafiki niliyesoma naye Tanga, yuko Manchester, New Hampshire. Wale wana sheria ya jimbo kwamba kura yao itangulie za wengine kwa siku saba au zaidi. Kabla ya kura ya 2020 alinitumia picha na wagombea watatu ndani ya wiki moja. Mmoja wamekaa naye meza moja mgahawani, wanakula zile chapati za maji za Wamarekani. Sasa ameshachoka, akisikia hodi anazima taa. Mimi sijaona hata kipeperushi. Na mwaka ule jimbo lake lilikuwa na wajumbe 24, letu 126!

Swali langu ni hili: uzito wa kura uko kwenye tarehe tu? Maana usingizi nao naupenda.

Mkongo_DesMoines

Jambo dada. Mimi mtu wa Uvira, niko Iowa tangu 2011. Usitamani sana vya kwetu.

Hadi 2020 sisi ndio tulikuwa wa kwanza nchi nzima. Lakini ya Democrats haikuwa kura ya siri ya sandukuni, ulikuwa mkutano. Unafika saa moja jioni, Februari, barafu hadi kwenye kope. Tuliingia ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule, kila mgombea na kona yake, unasimama kwenye kona ya mtu wako majirani wote wakikuona. Kona isiyofikisha asilimia 15 inavunjwa, halafu wanakuja wengine kukubembeleza uhamie kwao. Kona yangu ilivunjwa. Mwalimu wa mtoto wangu alikuja kunivuta mkono. Utamkatalia mwalimu wa mtoto? Nikahama.

Sasa jiulize nani hakuwepo. Wenzangu wa kiwanda cha nyama, wanaoingia zamu ya saa tisa mchana, jioni ile walikuwa wanakata nyama. Chama kiliweka vituo vya ziada kwa watu wa namna hiyo, lakini katika wenzangu sikusikia hata mmoja aliyekwenda. Kwa hiyo hilo jimbo lenye bahati ya tarehe, ndani yake kuna watu wa New Jersey tele.

Na baada ya vurugu zote, programu ya simu ya kutuma matokeo ikagoma. Wagombea wakapanda ndege kwenda New Hampshire bila mshindi kutangazwa. Kwa 2024 chama kikatunyang'anya nafasi, kikaipa South Carolina, Februari 3. New Hampshire walikataa amri, wakapiga yao Januari 23 bila jina la Biden kwenye karatasi. Watu wakaliandika kwa mkono na akashinda. Rafiki yako anazima taa, lakini mwambie aache zile nafasi uone atakavyopiga kelele.

Mzaramo_Minnesota

Dada Binti, mimi nitakupa upande wa pili: kuwahi nako kuna hasara yake.

2020 hapa Minnesota tulikuwa kundi la Jumanne Kuu, Machi 3, majimbo 14 siku moja. Kura ya mapema ilifunguliwa Januari 17. Mimi mtu wa kumaliza mambo, nikajaza wiki tatu kabla. Nilimpa Klobuchar, si seneta wetu? Jumatatu Machi 2 niko dobi ya sarafu nakunja mashuka, simu inalia: Klobuchar kajitoa, anakwenda Dallas kumuunga mkono Biden. Buttigieg, mgombea mwingine, alishajitoa jana yake. Nikauliza kama naweza kuirudisha karatasi yangu, nikaambiwa muda umepita. Kesho yake Biden akachukua Minnesota. Kura yangu ilihesabiwa vizuri kabisa, kwa mtu aliyeshaondoka.

Mke wangu mvivu wa barua. Alisubiri Jumanne, akaenda mwenyewe, akapiga akijua nani yumo na nani hayumo. Hadi leo ananicheka.

Ukiniuliza nani aliamua mwaka ule, ni South Carolina, Jumamosi Februari 29. Biden alikuwa hajashinda popote, Iowa, New Hampshire wala Nevada. Watu weusi wa pale wakamwinua, siku tatu baadaye akachukua majimbo 10 kati ya yale 14. Sanders akabaki na California, yenye wajumbe wengi kuliko wote, na haikumsaidia. Sasa wewe na wajumbe wako 126 wa Julai ungefanya nini?

Mzee_Trenton

Binti yangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika.

Nimekaa jimbo hili tangu 1994, na hiyo dawa ya kuwahi tulishaijaribu. 2008 wakubwa wa New Jersey walichoka kama wewe, wakaihamisha kura ya urais kutoka Juni hadi Februari 5. Kumbe na majimbo mengine zaidi ya 20 yamechagua siku hiyohiyo, California imo, New York imo. Ikawa kama kufungua genge siku ambayo mtaa mzima umefungua genge. Mgombea ana siku chache, ana ndege moja, aje Trenton kufanya nini? Matangazo ya televisheni tuliyaona. Mtu kwa macho, mimi sikumwona. Kwa mwaka 2012 wakairudisha Juni, wakisema chaguzi mbili ni gharama.

Sasa sikia hili. Ng'ambo ya mto Delaware ni Pennsylvania, navuka daraja kwa miguu. Wao hawakuhama, walibaki Aprili 22. Obama na Clinton wakafukuzana bila mshindi, na baada ya Mississippi, Machi 11, hapakuwa na kura jimbo lolote kwa wiki sita. Wiki sita nzima, Pennsylvania peke yake uwanjani! Kinyozi wangu yuko Morrisville, ng'ambo tu hapo. Nilikuwa nikienda kunyoa nakuta vijana wa kampeni mlangoni. Wakinisikia natokea Trenton wanageuka kumtafuta mwingine. Nilikuwa nimeshapiga, nina faida gani?

Kwa hiyo mimi nasema uzito hauko kwenye kuwahi. Uko kwenye kuwa peke yako wakati mambo bado hayajaamuliwa. New Hampshire ana uhakika wa kuwa peke yake kila mara, hiyo ndiyo mali yake. Pennsylvania alibahatisha. Chama cha Democratic kinajua wachelewaji tunaumia, ndiyo maana kinawaongezea wajumbe majimbo yanayosubiri, asilimia 10 kwa Aprili, 20 kuanzia Mei. Ni kukuongezea nyama sahanini wageni wakiwa wameshaondoka.

Lakini kulala usilale. Juni 4, 2024 karatasi yetu haikuwa na rais peke yake. Unakumbuka ule mstari wa kaunti? Miaka yote viongozi wa chama katika kaunti walikuwa wanawapanga watu wao safu moja, kuanzia juu hadi diwani, na asiyetakiwa anasukumwa pembeni huko hata macho hayafiki. Andy Kim alipogombea useneta akaenda mahakamani. Machi 29 jaji wa shirikisho akaamuru kwa mchujo ule wa Democrats majina yapangwe kwa nafasi inayogombewa. Kim akashinda Juni, Novemba akashinda kiti, na Desemba akaapishwa Seneti. Hiyo ilikuwa siku yako uliyosema imekwisha.

BintiTanga_NJ

Shikamoo mzee wangu, naomba radhi. Nawashukuru wote. Mzaramo, mpe shemeji pole kwa kuolewa na mtu wa haraka.

Mzee umenitia aibu kidogo. Juni ile nilitoka kazini macho mekundu, nikatafuta jina la rais tu, huko chini nilibonyeza bila kusoma. Huyo Kim huenda nilimpigia, huenda sikumpigia, siwezi kuapa.

Swali la mwisho. Mume wangu hajajiandikisha chama chochote, anadai kura ya Juni haimhusu. Ni kweli au ni uvivu?

Mzee_Trenton

Marahaba. Ni uvivu. Asiye na chama anachagua chama palepale mezani, anapewa kura yake. Mwenye chama akitaka kuhamia kingine ndiye anayetakiwa kufanya hivyo si chini ya siku 55 kabla. Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Wewe ukitoka zamu saa moja, mpitie nyumbani umwamshe.

BintiTanga_NJ

Kumwamsha huyo, mzee, ni uchaguzi mwingine.