Grupu la Ukoo: mazoezi ya Jumamosi

Shangazi 18:02
Habari za jioni ukoo mzima. Narudia kwa wale wa tiki za bluu. Jumamosi saa mbili usiku binti yetu anafanya mazoezi ya wasilisho lake, sisi tunasikiliza. Jumatatu anasimama mbele ya maprofesa. Kila mtu aje na swali MOJA. Thibitisheni.

Shangazi 18:40
Mmesoma. Naona mmesoma.

Baba Mdogo 18:47
Wasilisho la nini tena?

Shangazi 18:48
Nilituma juzi. Eksirei za gesi ya moto kwenye makundi hafifu ya galaksi, yale machanga.

Baba Mdogo 18:49
Eksirei? Kavunjika nani?

Binamu 18:49
😂😂 Galaksi imeteguka kiuno

Shangazi 18:50
Jamani.

Mimi 18:56
Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Wote wazima. Kwenye kundi la galaksi, ile nafasi ya katikati yao haiko tupu, kuna gesi ya nyuzi milioni 10 hadi milioni 100. Kwa joto hilo inang'aa kwa eksirei. Na kwenye makundi makubwa gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za humo.

Baba Mdogo 18:58
Marahaba. Moto kawasha nani?

Mimi 19:01
Mvutano. Gesi inaporomokea ndani ya kundi, inagongana, inapata joto. Hakuna kinachoungua.

Binamu 19:03
Moto wote huo halafu mnayaita hafifu?

Mimi 19:09
Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mng'ao unafuata mraba wa msongamano: gesi ikiwa nyembamba mara 2, mng'ao unashuka mara 4. Kundi changa bado linajikusanya, gesi yake haijatulia katikati, na joto lake mara nyingi ni la chini. Picha yake inatoka mabaka mabaka. Litazame kundi la galaksi liitwalo Abell 1367, upande wa kundinyota la Simba: vijikundi bado vinaingia na kugongana. Kundi jirani yake, Coma, gesi yake ina joto takriban mara mbili ya hiyo.

Binamu 19:11
Na ile mada ya giza? Niliisoma mahali

Mimi 19:12
Ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa kundi. Haionekani, ila inavuta.

Binamu 19:12
Kumbe grupu hili 😂 wapo, uzito wanao, hawaonekani

Mama 21:15
Nani mada ya giza? Nilikuwa kazini.

Shangazi 21:16
TURUDI KWENYE HOJA. Laptopu ya binti imekufa. Anahitaji ya kuazima hadi Jumatatu. Mdogo wangu, yako.

Baba Mdogo 21:20
Mwenye laptopu ukoo huu ni mimi tu?

Shangazi 21:21
Wewe ndiye unayejua kuazima. Darubini ya Baba uliichukua kwa wikendi moja, iko wapi?

Baba Mdogo 21:22
Haya, yamefika. Ile nilipewa.

Shangazi 21:22
Ulipewa na nani?

Mama 21:23
Naomba yale ya arusini yasirudi.

Binamu 21:24
Yapi ya arusini?

Mama 21:24
Kalale.

Baba Mdogo 21:26
*Ujumbe huu ulifutwa*

Shangazi 21:26
Nimeshausoma.

Mimi 21:31
Mimi darubini ile isingenisaidia, hewa ya dunia inazuia eksirei. Ndiyo maana za kwetu zinakaa juu kabisa, kama Chandra na XMM-Newton, zote za 1999. Kundi hafifu linaleta fotoni (chembe za mwanga) chache, kwa hiyo inabidi kulikodolea muda mrefu. Laptopu ndiyo shida.

Bibi 21:38
Mjukuu wangu unatafuta nini humo kwenye gesi

Mimi 21:41
Chuma, Bibi. Kinapikwa ndani ya nyota na supanova, yaani nyota zinazolipuka, zinakitawanya. Kwenye gesi ya makundi kipo takriban theluthi moja ya kiwango cha Jua, maana yake galaksi zimekuwa zikimwaga nje vilivyopikwa ndani.

Babu 21:52
Nimesoma yote. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nao wakaiita Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kuwa eksirei za makundi ya galaksi zinatoka eneo pana, si nukta moja. Nilinunua darubini ile kwa ajili ya habari hiyo. Laptopu apewe mtoto. Habari ya darubini nitaongea na aliye nayo, ana kwa ana.

Baba Mdogo 22:31
Sawa Baba.

Shangazi 22:32
Shikamoo Baba. Asante.

Baba Mdogo 22:40
Laptopu ipo. Chaja ndiyo inasumbua, hadi uishikilie.

Shangazi 22:41
Basi Jumamosi saa mbili. Thibitisheni.

Bibi 22:44
Saa mbili nasikiliza taarifa ya habari

Binamu 22:45
Saa tatu mimi sipo

Shangazi 22:46
Saa mbili na nusu?

Mimi 22:50
Baba Mdogo, chaja ina pini nene au nyembamba? Nione kama nitapata nyingine.

Baba Mkubwa 06:12
Habari za asubuhi. Nimeona sasa hivi. Ni Jumamosi hii au ijayo?