Mtoto akishageuzwa tumboni kutoka kutanguliza matako, uzazi wenyewe huwaje?

Mtarajiwa wa Tanga

Habari zenu. Mimba yangu ya kwanza ina wiki 36 na siku chache, na ultrasaundi ya juma lililopita imeonyesha kwamba mtoto ametanguliza matako. Kichwa chake kiko juu, chini ya mbavu, jambo ambalo nilikuwa nikilihisi bila kulielewa, kwa maana kila nilipoinama nilikutana na kitu kigumu. Daktari amesema wiki ijayo anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, na kazi yenyewe amenieleza vizuri. Nisichoelezwa ni kinachofuata. Je, akigeuka atabaki hivyo mpaka siku ya uchungu? Je, nitakuwa sawa na mama ambaye mtoto wake alikaa vizuri tangu mwanzo, au bado nijiandae kwa upasuaji? Shangazi yangu anashauri niende kwa bibi anayekanda matumbo, eti amekwisha kugeuza wengi. Damu yangu ni kundi O hasi, iwapo hilo lina uzito wowote.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, lina uzito, na nitalirudia.

Kati ya mimba 100 zilizotimia, tatu au nne hukutwa mtoto ametanguliza matako. Anapogeuzwa na mtu mwenye ujuzi, kwa mimba ya kwanza hukubali kiasi cha watoto 40 katika kila 100, na kwa mama aliyekwisha kuzaa hukubali kama 60, kwa kuwa misuli ya tumbo lake imelegea zaidi. Waliokwisha kugeuka hukaa: wanaorudi kutanguliza matako hawafiki watano katika 100. Kwa hiyo swali lako la kwanza lina jibu jema.

La pili halina jibu jepesi hivyo. Tafiti zilizolinganisha akina mama hao na wale ambao watoto wao walitanguliza kichwa bila kugeuzwa zimeonyesha kwamba waliogeuziwa hufanyiwa upasuaji karibu mara mbili zaidi, ama kwa sababu uchungu umekwama, ama kwa sababu mapigo ya moyo ya mtoto yamebadilika, na kuvutwa kwa vifaa nako huongezeka kidogo. Huenda kile kilichomfanya mtoto akae vile, kwa mfano umbo la nyonga, huendelea kuwapo hata baada ya kichwa kushuka. Hata hivyo, wengi wao huzaa kwa njia ya kawaida, na ukimlinganisha mama aliyejaribiwa na yule ambaye hakujaribiwa kabisa, aliyejaribiwa ana nafasi ndogo zaidi ya kuishia kwenye kisu.

Sasa damu yako. Wakati wa kugeuza, damu kidogo ya mtoto inaweza kupenya ikachanganyika na yako, na mwili wako ukatengeneza kinga itakayomdhuru mtoto wa mimba ijayo. Mama mwenye damu hasi huchomwa sindano ya anti-D, inayozuia kinga hiyo isitengenezwe, baada ya zoezi, hata kama mtoto hakugeuka. Uliza mapema iwapo ipo hapo hospitalini au mtalazimika kuitafuta kwenye maduka ya dawa.

Kuhusu bibi, simdharau, nimefanya kazi na wakunga wa jadi miaka mingi na baadhi yao mikono yao inajua kichwa kiko wapi kuliko wanafunzi wetu. Lakini mkono hauoni kondo la nyuma lililokaa njiani, wala hausikii moyo wa mtoto ukipungua kasi. Takriban mama mmoja katika 200 huhitaji upasuaji wa haraka ndani ya saa 24 baada ya kugeuziwa mtoto, na huyo mmoja anapaswa kuwa hatua chache kutoka chumba cha upasuaji.

Baba wa Wawili

Mke wangu walijaribu katika mimba ya pili, wakamchoma kwanza sindano ya kulegeza mji wa mimba, na mtoto hakusogea hata kidogo. Akapangiwa upasuaji wiki ya 39. Ikiwa zaidi ya nusu ya wenye mimba ya kwanza hawafanikiwi, kwa nini mama apitie maumivu yale? Si afadhali kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji?

Mkunga Mstaafu

Ndugu yangu, pole yenu. Kwa mtoto huyu mmoja hoja yako ina nguvu: utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 26 na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba upasuaji uliopangwa ulikuwa salama zaidi kwa mtoto aliyetanguliza matako kuliko kumzaa kwa njia ya kawaida, ingawa sehemu ya watoto hao walipofuatiliwa hadi miaka miwili tofauti haikuonekana tena. Lakini dada yetu yuko kwenye mimba ya kwanza. Kovu lake litaingia pamoja naye katika kila mimba inayofuata, pamoja na hatari ya mji wa mimba kuchanika na ya kondo kujishika kwenye kovu. Maumivu ya dakika chache anaweza kuyakatiza wakati wowote kwa kumwambia daktari aache.

Mtarajiwa wa Tanga

Shikamoo, mama, na ahsante sana. Nitakwenda Jumatatu, na habari ya sindano nitaiuliza kabla ya siku hiyo. Na je, nikiwa miongoni mwa wale wachache ambao mtoto hurudi alikokuwa, nitajuaje?

Mkunga Mstaafu

Marahaba. Huenda usijue wewe mwenyewe, ndiyo maana kila siku ya kliniki lazima wakupapase tumbo upya. Chupa ikipasuka, usisubiri uchungu ukolee nyumbani. Na ukifika wodini, neno la kwanza kwa nesi wa zamu liwe kwamba mtoto huyu aligeuzwa, kwa kuwa usiku wenye wazazi wengi kadi haisomwi yote.