Mgeni wa mwaka 1331

*Kikundi: Ukoo wa Makorora, Tanga*

Da Rukia: Assalamu alaykum wote. Kwa ile karamu ya ukoo, kila mtu ataje mgeni mmoja ambaye angependa kula naye sinia moja, awe hai au marehemu. Atakayepita tunampikia yeye.

Salim: Shaaban Robert 🙌

Mama Mkubwa: Mtoto wa Vibambani huyo, si mgeni. Anapiga hodi anapakuliwa.

Da Mwanahawa: Siti binti Saad. Ale, kisha aimbe.

Ami Sefu: Siti aje tukishanawa. Mimi namtaka Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Hao wengine tutabaki kukisia wanapenda nini, lakini huyu alikula chakula cha pwani mwaka 1331 na akakieleza sahani kwa sahani.

Salim: Shikamoo Ami. Tanga alifika?

Ami Sefu: Marahaba. Alitoka Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha Kilwa. Sisi alitupita ubavuni na chombo chake. Anadaiwa.

Da Rukia: 😂😂 Haya, alikula nini?

Ami Sefu: Mogadishu aliletewa wali wa samli kwenye chano kubwa la mti, juu yake vitoweo: kuku, nyama, samaki, mboga. Sahani nyingine ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Nyingine maziwa ya mgando, na juu yake achari ya ndimu, vishada vya pilipili vilivyolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na embe. Tonge la wali, halafu kidogo cha achari, halafu tonge tena. Mara tatu kwa siku.

Da Mwanahawa: Huo si mlo wa kwetu huu huu? Tuongeze viazi tu iwe pilau.

Ami Sefu: Viazi hapana. Viazi, nyanya, pilipili mbuzi, mahindi, muhogo, karanga, vyote kwao ni bara la Amerika. Vimefika huku baada ya Wareno, na Wareno wa kwanza wameonekana pwani hii 1498. Pilipili anayoitaja yeye ni pilipili manga.

Salim: Kachumbari bila nyanya??

Mama Mkubwa: Vitunguu, chumvi, ndimu. Kwani nyanya ndiyo nini?

Da Rukia: Samaki je? Mchuzi bila nyanya utakuwa umepooza.

Mama Mkubwa: Ukwaju, mwanangu. Nguru kilo 3 kutoka soko la samaki la Deep Sea, nazi 4. Ukwaju utie kwenye tui jepesi, uchemke na samaki mpaka aive. Tui zito liingie mwisho kabisa, moto umeshapunguzwa, unakoroga upande mmoja mpaka livuke. Likitokota kwa nguvu linakatika, mafuta yanakaa juu na mchuzi unabaki chengachenga. Ukitia ukwaju juu ya tui zito, ndiyo hivyo hivyo.

Da Mwanahawa: Na wali, Mama? Tuko 15.

Mama Mkubwa: Mchele kilo 2, samli robo kilo, chumvi vijiko vya chai 6. Maji lita 3 na nusu kama mchele ni wa zamani. Ukiwa wa mavuno mapya usizidishe lita 3, maana haunywi maji mengi, utapata bokoboko. Maji yakikauka, palia makaa juu ya mfuniko dakika 20, chini ubaki moto kidogo. Na asije mtu akafunua kuchungulia.

Salim: Hizo ndizi za maziwa ndizo zinanitia shaka. Si yatakatika?

Mama Mkubwa: Yanakatika ukizitia mbichi moja kwa moja, kwa sababu ya ule utomvu. Paka mafuta mikononi, menya, chemsha kwa maji dakika 10, maji hayo mwaga. Ndipo utie maziwa, lita moja na nusu kwa ndizi 15, moto mdogo. Chumvi mwisho. Ndimu isikae hata jirani.

Da Rukia: Na achari itawahi Jumamosi?

Mama Mkubwa: Haiwahi! Ndimu 20 zilizoiva, osha, FUTA ZIKAUKE, pasua msalaba bila kuachanisha, jaza chumvi kama gramu 200 kwa zote. Chupa ya kioo, si sufuria ya alumini, inaliwa na uchachu. Juani wiki 3, tikisa kila siku. Tone moja la maji au kijiko kibichi, ukungu. Karamu sogezeni.

Ami Sefu: Tusogeze. Vishada vya pilipili manga mbichi nitaagiza kutoka Amani, kule milima ya Usambara. Embe changa zipo. Na upepo ni kaskazi, ndio uliomleta.

Salim: Ami, lakini hayo aliyasimulia Fez, kwao Morocco, mwandishi Ibn Juzayy ndiye kaandika, wamemaliza 1355. Miaka 24 mtu anakumbuka achari?

Ami Sefu: Swali zuri. Kwenye tarehe na safari zake watu wanambishia, na wana haki. Kwenye chakula mimi namwamini, maana alivyotaja bado viko jikoni kwa mama yako.

Da Mwanahawa: Nguo je? Tusije tukamchekesha.

Ami Sefu: Mogadishu alipewa kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni badala ya suruali.

Salim: Kikoi! 😂

Da Rukia: Basi mwisho tambuu na kahawa, tumemaliza.

Ami Sefu: Tambuu sawa, mtumishi wa sultani alimletea hata huko Mogadishu. Kahawa bado. Kuinywa kumeanza kujulikana Yemen karne ya 15, yeye alishafariki.

Bibi: Mgeni atoke nyumbani kwangu bila kahawa?

Ami Sefu: Shikamoo mama. Ni kwa ajili ya historia tu...

Bibi: Marahaba. Kahawa itapikwa. Huyo Juzayy aje na kalamu.