Mama wa miaka 78 analazimishwa sukari ishuke chini ya 7, ya nini?

Wa Kondele: Jameni mnijibu bila matusi. Mamangu ako na miaka 78, sukari aina ya pili amekaa nayo miaka mingi. HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ilikuwa asilimia 7.6, kliniki moja (sitaitaja) ikasema lazima ishuke chini ya 7, wakamwongezea tembe za glibenclamide juu ya zile za metformin. Wiki ya tatu, saa kumi alfajiri nasikia kikombe kimeanguka jikoni, kwenda napata amekaa chini kwa simiti, leso imelowa jasho chapachapa na ananiita kwa jina la dadake aliyekufa. Kumpima kwa kidole, sukari ni 2.4, iko chini sana. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwa maji, kama robo saa hivi ananiuliza mbona siendi kazi. Sasa hiyo 7 ilikuwa ya kumsaidia nani? Si aachwe hapo kwa 8 alale?

Nesi, Nakuru: Pole ndugu. Lakini hiyo 8 usiitangaze kwa kila mtu, mimi ndio naosha vidonda vya miguu huku. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, majibu yalitoka 1998, walioshikilia sukari yao chini macho na figo zao ziliumia kidogo kuliko za wale wengine. Mtu wa miaka 45 nitambana na 7, bado ana miaka mingi mbele. Mamako ni hesabu ingine kabisa. Na kwake mimi nalaumu dawa kuliko namba: glibenclamide inafinya kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala, na ikifika kwa figo za mzee haitoki haraka, sasa shosho amelala na uji nusu kikombe unategemea nini? WHO wenyewe wanasema haifai mtu aliyepita miaka 60, heri dawa ya gliclazide. Metformin pekee ni nadra imwangushe mtu hivo.

Wa Kakamega: Na hiyo HbA1c mnaiamini sana. Huku kwetu selimundu (sickle cell) iko, wenye nayo damu yao haikai mwilini siku nyingi, kipimo kinasoma chini kuliko ukweli. Alafu mjomba wangu alisikia "8 si mbaya" akaacha tembe kabisa. Saa hii anatembea na vidole tisa.

Wa Kondele: Pole kwa mjomba, lakini mi sijasema aache dawa. Nasema kushukisha kwa nguvu pia kunaua. Utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada, kuna kundi walilenga HbA1c chini ya 6, na 2008 wakasimamisha huo upande mapema juu waliokufa walikuwa wengi kuliko wale wengine. Jumatatu nampeleka na ile daftari ya dukani, nimeandika sukari za asubuhi zote, za kidole: 4.1, 3.7, 4.4. Nitauliza hiyo gliclazide, au watoe glibenclamide kabisa abaki na metformin. Na wakirudia wimbo wa 7, watuambie saa kumi za alfajiri nani atakuwa anasikiliza kikombe.