Mafua katika baridi ya Njombe: nipumzike tu nyumbani, au nikanunue amoksilini?

Muulizaji (mwalimu, Njombe)
Habari zenu ndugu zangu. Mafua yalinianza Jumapili, na leo Jumatano nimeomba ruhusa nibaki nyumbani kwa kuwa sauti imekauka na siwezi kusimama mbele ya darasa. Homa imeshuka, na asubuhi nilikunywa uji wa ulezi nikaumaliza. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kamasi, ambazo mwanzoni zilikuwa nyepesi kama maji, sasa ni nzito na za kijani, na mama jirani ananisihi ninunue amoksilini kabla mafua hayajashuka kifuani. Je, ninaihitaji kweli? Kwa sasa nimelala chumbani, nimefunga madirisha na kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya baridi hii ya Julai, pamoja na mwanangu wa miezi minane ambaye bado ananyonya.

Jibu la kwanza (muuguzi mstaafu)
Pole sana, mwanangu. Kabla hujasoma majibu mengine, tafadhali litoe jiko hilo nje na ufungue madirisha. Mkaa unapoungua katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kabonimonoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua. Dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na hapo ndipo hatari ya mgonjwa wa mafua inapozidi, kwa sababu atadhani ni mafua yaleyale na atavuta blanketi alale. Ukilihisi lolote kati ya hayo, tokeni nje wewe na mtoto mara moja, kisha mwende kituo cha afya. Moshi kukosekana si ushahidi wa usalama, kwani mkaa uliokolea vizuri hautoi moshi na bado unatoa gesi hiyo. Vaa sweta na soksi, jifunike mablanketi mawili, na chai ichemshwe jikoni.

Jibu la pili (mfamasia)
Naunga mkono kila neno la mama hapo juu. Kuhusu amoksilini, dada mwalimu, jibu langu ni kwamba huihitaji. Mafua husababishwa na virusi, na dawa hiyo huua bakteria tu; ukiinywa bila sababu unaweza kuharisha au kupata vipele, na unawapa bakteria nafasi ya kuizoea. Rangi ya kijani hutokana na seli nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, wala peke yake haithibitishi kwamba kuna bakteria. Kwa kawaida mafua huwa makali siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua na kuisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kuchelewa zaidi. Ukiumwa kichwa, parasetamoli inatosha: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24, na usiichanganye na dawa za mafua zenye parasetamoli ndani yake.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Jiko limeshatoka na madirisha yako wazi. Je, naweza kujifukiza kwa majani ya mkaratusi, na kumlambisha mtoto asali kidogo asije akaambukizwa?

Jibu la kwanza
Asali usimpe kabisa, mwanangu, mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha botulismu kwa watoto wachanga, yaani ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli (si polio). Wewe kunywa yako na tangawizi na limao. Endelea kumnyonyesha, ila nawa mikono kwa sabuni kwanza na ufunike pua na mdomo kwa barakoa. Kujifukiza hakuponyi mafua, na sufuria ya maji ya moto karibu na mtoto anayetambaa imekwisha kuwaunguza wengi, kwa hiyo mimi ningeiacha. Homa ikirudi, kifua kikibana au ukipumua kwa shida, nenda kituo cha afya. Na kama hivi karibuni ulishuka maeneo ya joto kama Ifakara, upimwe malaria pia. Mtoto naye akipumua haraka au akikataa kunyonya, mpeleke siku hiyohiyo.