Naomba ushauri: uzio wa muda wa sungura kwenye nyumba ya kupanga

Habari zenu wadau. Nina sungura wawili, wa kufuga tu wala si wa kitoweo (jirani kila akipita anauliza watachinjwa lini). Wanalala kwenye banda la mbao, ila jioni nataka watoke wakimbie na kula majani uani. Tatizo nyumba ni ya kupanga, hapa Arusha, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za nguzo wala mashimo.

Nimefikiria fremu za mbao za mita moja kwa mita moja, niziunganishe kwa waya wa kufungia nondo ili ziweze kukunjwa na kuhamishwa. Kinachonitatiza ni wavu. Ule wa kuku ni bei rahisi, lakini jike ana meno balaa, kona ya mlango wa banda ameshaimaliza. Wavu mgumu wa kuchomelea nauona imara, ila ni mzito kubeba kila siku.

Na kuchimba je? Naambiwa ukilaza wavu chini kwa ndani, kama futi moja kutoka kwenye fremu, wakichimba pembeni wanakwama. Kuna aliyejaribu?

Juu nako kuna mwewe, na paka wa mtaani hawakosekani. Neti ya kivuli inatosha, au paka ataipasua? Upande wa mparachichi siwapeleki kabisa, majani yake ni sumu kwao.

Mwenye picha ya uzio wake atupie hapa, na gharama kama anakumbuka.