Aliyenyimwa hifadhi ya ukimbizi apelekwe kwa jaji, au barua ya waziri inatosha?

Wakuu, salaam. Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya uwakili hapa Dodoma. Mwaka jana alikuja mzee mmoja katokea kambini Kigoma, kibali chake cha kutoka kimebakiza siku mbili. Akafungua mfuko wa nailoni, ndani barua ya sentensi mbili: ombi la hifadhi limekataliwa. Wakili akamuuliza walimpa sababu gani. Mzee hakujibu. Akavua kandambili, akatuonyesha nyayo: makovu yamepita kimshazari, kisigino hadi vidole. Nyaya, alisema.

Tangu Januari 2017 Warundi hawapokelewi tena kwa mkupuo, kila mtu anahojiwa peke yake. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 kamati inashauri, waziri anaamua. Mlango wa Mahakama Kuu upo: unaomba ruhusa kwanza, ndani ya miezi sita, ukiipata ndipo unaomba uamuzi utenguliwe. Lakini kwenye njia hiyo, yaani mapitio, jaji hapimi nyayo. Anatazama kama mtu alisikilizwa na kama sheria ilifuatwa, basi. Mimi nasema mwenye madai ya mateso apewe rufaa kamili, jaji amwone kwa macho. Mnasemaje?

Mdau wa Singida: Karani, huruma nakuelewa, ila tusijisahau. Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka pale Rusumo kwa kama siku moja. Kila mmoja angepewa jaji? Mwaka 2014 tukawapa uraia Warundi waliokimbilia huku 1972, wapatao 162,000. Hatujawa wachoyo. Mimi nina kesi ya shamba mwaka wa tano huu, leo jaji wangu aende kusikiliza wageni? Halafu barua isiyo na sababu ni hoja tosha ya mapitio. Wakili wenu alilala.

Karani: Hapo kwenye wakili umenibana kidogo, ingawa kiapo, yale maelezo yake ya kupeleka mahakamani, tulianza kukiandika kwa hoja hiyo hiyo. Ila Rusumo usiilete hapa, wale walipokelewa; nazungumzia aliyekataliwa. Na shamba lako, mkuu, hukumu ikikosewa litakuwa palepale rufaa ije ilikute. Mtu akishavushwa mpaka utamkuta wapi? Katiba, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa. Imesema mtu, haikusema raia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso hatujauridhia, kwa hiyo ibara hiyo tuishike kwelikweli. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishatukuta na kosa, tulimfukuza mtu wa Manyara baada ya kumvua uraia bila kumpa njia ya kwenda mahakamani. Ile ya uraia, sawa, lakini tatizo ni lile lile.

Mdau wa Singida: Ukiweka rufaa, kila aliyekataliwa ataikata ili anunue muda.

Karani: Wapo watakaofanya hivyo, sibishi. Basi rufaa iwe ya siku chache, lakini mtu asisogezwe mpaka jaji aseme. Leo kumzuia asiondolewe ni hiari ya jaji, na huyo jaji umfikie kwanza.

Mdau wa Singida: Na mzee wako aliishia wapi?

Karani: Kibali kiliisha kabla hajaapa. Alipanda basi la Kigoma, namba aliyotuachia haipatikani. Kiapo chake bado kimo kwenye kompyuta yangu, kimeishia aya ya saba.